Kapsuli za Profesa na Presha ya Baba

Nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha kusaga viungo
Jumatatu, tarehe 9 Machi

Mdogo wangu mpendwa, kitinda mimba wetu,

Hujambo? Shemeji hajambo? Wapwa zangu wanakua? Kikohozi cha yule mdogo kimeisha? Sisi tupo. Wanangu wazima. Mgongo wangu unauma asubuhi, mchana unasahau. Baba hajambo nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Baba alianguka Jumatano. Alikuwa anatoka chooni, mguu wa kushoto ukakataa, ule ule wa kiharusi cha mwaka juzi. Nesi wa zahanati alipompima presha alinitazama kama mimi ndiye niliyemsukuma. Akauliza dawa zake ziko wapi. Nikaenda kuangalia. Kopo limejaa, halijaguswa wiki tano.

Badala yake anameza kapsuli za Profesa. Unamjua huyu ndugu yetu wa kati, akisoma kitu kwenye simu tayari ni mtaalamu. Siku hizi ni mtaalamu wa ubongo. Ndiye huyu aliyeunga waya wa jiko tukakaa gizani siku nne. Eti ndani ya manjano aliyozijaza kuna viini vinavyolinda seli za ubongo zisife, basi mzee ya nini kuhangaika na dawa za hospitali.

Nikamuuliza nesi, maana mimi sijui. Akasema viini hivyo vipo, na watu wa maabara wameona dalili nzuri kwenye seli walizoweka kwenye vyombo, na kwenye panya. Kwa binadamu bado hawana uhakika. Tena ukila unga wenyewe, mwingi unapita tu kama ulivyoingia. Na presha haingoji. Nikarudi nikamuuliza Profesa, "Baba yako ni panya?"

Akasema, "Kaka, wewe hujasoma."

Kweli sijasoma. Lakini nimebeba magunia ya manjano miaka kumi na tisa. Tunayavuta, tunayala, tunayatema. Shuka langu la njano, masikio ya njano. Kama vumbi lile lingekuwa linatengeneza ubongo, sisi makuli tungekuwa mahakimu. Msimamizi wetu amelivuta kuliko wote, na juzi kafunga stoo mlinzi akiwa ndani, akaenda zake nyumbani.

Nikafungua kapsuli moja mezani. Unga, na nyuzi za gunia. Pale kazini mashine zikizimwa tunafagia chini yake, takataka zinatiwa kwenye gunia la mwisho, na hilo haliendi dukani. Profesa aliniomba gunia hilo mwezi wa kwanza, akasema ni la kutia rangi mikeka. Nikalibeba mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Mjinga wa kwanza kwenye barua hii ni mimi, sijifichi.

Wa pili ni wewe. Profesa alikuuliza kwa simu, ukamjibu "jaribuni", ukaendelea na mambo yako. Akaenda kumwambia Baba kwamba kapsuli umezituma wewe. Sasa mzee hasikii la nesi wala langu. Nikimpa kidonge cha presha anafunga mdomo. "Mwanangu wa mwisho hawezi kunipa kitu kibaya," anasema. Mimi wa kwanza naweza, inaonekana.

Simu haisikii tena, masikio yamekwisha. Barua zako anazisoma mwenyewe, zote kaziweka chini ya mto. Basi andika. Herufi kubwa. Sema kapsuli si zako, na ameze dawa ya hospitali, kidonge kimoja kila asubuhi. Usipambe. Dereva wa lori letu aliyekuletea hii atapita tena kwako Alhamisi. Mpe mkononi.

Mama wa watoto wangu alipokufa uliniandikia kurasa sita za kunipa pole, na nilishukuru. Safari hii nataka mistari mitatu, kabla ya msiba.

Msalimie shemeji, wapwa, na shangazi unayeishi naye. Profesa hakusalimii, hajui kama naandika. Mungu awape afya, na wewe akupe mwandiko unaosomeka.

Akupendaye, leo kwa hasira,
Kaka yako mkubwa