Mikseri Inayosukumwa Kutoka Iguhu

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefika studio Mama Rispa, msafishaji, akiwa bado anapiga deki. Nikasimama mlangoni na viatu mkononi mpaka sakafu ikauke. Hakuniona, nami sikukohoa.

Kazi ya leo: kuiunganisha mikseri na mtandao. Mikseri ndiyo ile meza ya swichi za kusukuma juu na chini ambayo Dada Muhonja huitumia kusawazisha sauti za kwaya. Kipindi cha kanisa huenda moja kwa moja kwenye intaneti kila Jumamosi saa kumi jioni. Sasa Dada yuko Iguhu kwa wakwe zake. Amejifungua kwa upasuaji na daktari amemkataza safari. Bwana Luvai, meneja wa studio, amempa mpaka Jumamosi hii. Akiweza kuiendesha mikseri akiwa kitandani, kazi inabaki yake. Akishindwa, analetwa fundi wa Kisumu, na huyo hatakuja kwa wiki chache tu. Dada aliipenda kazi hii kabla ya kumpenda shemeji. Alisema hivyo mbele ya shemeji.

Anayeweza kumsaidia ni mimi. Kidato cha Tatu, chama cha kompyuta, na niko likizo.

Njia ya kwanza imegoma. Niliiambia ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, ifungue mlango wa kuingilia kutoka nje. Kumbe modemu ya laini ya simu haina anwani yake peke yake. Inagawana na wengine, kama nyumba kumi zenye sanduku moja la posta. Asubuhi nzima imekwenda hivyo. Njia ya pili, VPN: kompyuta ya studio inatoka nje, laptopu ya Dada inatoka nje, zinakutana katikati. Imekubali. Swichi ya kwanza imepanda mbele ya macho yangu, Dada akiisukuma kutoka Iguhu. Mama Rispa akarudi nyuma na ndoo yake.

"Hiyo kitu inatembea na hakuna mtu."

Nimefurahi mpaka nimesahau kula.

Jumanne, 12 Agosti

Asubuhi studio, kila kitu sawa. Mchana nikaenda Iguhu kukaa upande wa Dada. Mtoto ananuka maziwa na ana nywele nyingi kuliko mimi.

Saa tisa hivi mawasiliano yakakatika. Dada alikuwa katikati ya kujaribu maikrofoni. Kioo cha laptopu kikaganda, kisha mikseri ikapotea kabisa.

"Umegusa nini?"

Sijagusa kitu. Akaniambia nimpigie Mama Rispa, maana ndiye anayekaa studio mchana kutwa. Nikatuma ujumbe. Mama Rispa hasomi jumbe. Najua hivyo vizuri, ndiyo maana nilituma. Kupiga simu kunaniogopesha.

Sijui tatizo liko wapi. Inaniudhi.

Jumatano, 13 Agosti

Asubuhi nimekuta taa zote zinawaka kijani, kama hakuna kilichotokea. Ila mikseri ina anwani nyingine. Anwani yake ya jana imechukuliwa na simu ya mtu. Laptopu ya Dada inaitafuta mikseri kwenye anwani ya zamani na inakuta simu.

Nikaamua kosa ni la simu za watu. Nikabadilisha nywila ya mtandao bila kumwambia yeyote. Nikajiona mjanja sana. Nikaenda Iguhu nikipiga mluzi.

Saa tisa, imekatika tena.

Halafu Bwana Luvai akapiga. Niliisikia sauti yake nikiwa upande wa pili wa kitanda. "Huyo mdogo wako amenifungia nje ya studio yangu mwenyewe." Dada akacheka huku ameshika mshono. Mimi sikucheka, kwa sababu baadaye Bwana Luvai alisema fundi wa Kisumu ameshaambiwa akae tayari.

Nimesoma kitabu cha maelezo ya mikseri mara ya tatu. Kinaeleza kila jambo isipokuwa hili.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo sikwenda Iguhu. Nimekaa studio mpaka saa tisa, nikiitazama ruta kama paka anayetazama shimo la panya.

Mawingu yakaja kutoka upande wa msitu. Radi ya kwanza, mbali. Mama Rispa akaweka fagio ukutani. Akachukua leso, akafunika kioo cha chooni kisivute radi. Akazima simu yake. Kisha akaingia studio akaanza kuchomoa. Ruta, modemu, kompyuta, mikseri. Taratibu, kama mtu anayechuma maharagwe.

Nikamuuliza anafanya nini. Sauti ilitoka ndogo.

"Nachomoa. Nachomoanga kila siku."

"Kila siku?"

"Mukhana, kwani wewe ni wa wapi? Radi inalia na wewe unaacha vitu kwa ukuta?"

Mukhana ni msichana kwa Kiluhya. Anatuita hivyo sote. Tena nyumbani kwetu mchomoaji ni mimi. Radi ikilia naanza na televisheni, halafu friji, halafu nafunika kioo cha Mama. Nimefanya hivyo tangu darasa la pili. Siku tatu nimetafuta kosa kwenye VPN, kwenye modemu, kwenye simu za watu, na haikunijia hata mara moja kwamba studio nayo ni nyumba ya Kakamega, ambako radi hulia karibu kila alasiri.

Mvua ikiisha anarudisha plagi zote, leo akianza na hii, kesho na ile. Ruta imeshasahau kila kitu, kwa hiyo anayewahi ndiye anayepewa anwani. Mikseri ikichelewa, simu ya mtu inaikalia.

"Ungeniuliza Jumanne ningekuambia."

Nikasema niliogopa kumsumbua.

"Kusumbua nani? Mimi naongeanga na ndoo hapa mchana wote."

Mvua ilipokwisha nikaiamuru ruta iitunzie mikseri anwani moja, isimpe mwingine. Nikaipanga kompyuta ijiwashe stima ikirudi. Nikampelekea Bwana Luvai nywila mpya, nimeiandika kwenye karatasi, nikaitia chini ya mlango wake.

Ila kuna Jumamosi saa kumi. Mvua ya hapa haina adabu ya kungoja kwaya imalize. Na siwezi kumwambia Mama Rispa asichomoe. Radi ilimuua ng'ombe wa jirani yetu akiwa amefungwa uani. Mama Rispa hajakosea. Tukichomoa, Dada anapoteza kipindi. Tukiacha, tunaweza kupoteza vyombo vyote, au mtu.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimepata wazo nikipiga mswaki. Betri ya akiba.

Studio ina moja. Sanduku jeusi, zito. Mama Rispa amekuwa akiliwekea thermosi ya chai. Nimeunganisha vyombo vyote kwenye ekstensheni, ekstensheni kwenye betri, na betri kwenye ukuta kwa plagi moja tu. Radi ikilia anachomoa hiyo moja, hakuna tena waya unaogusa ukuta. Modemu haina waya wa kutoka nje. Mama Rispa amelizunguka sanduku, ameangalia nyuma, ameangalia chini, akakubali.

Tukajaribu. Akachomoa. Muda mfupi tu, kila kitu giza. Dada akapiga kuuliza kama studio imeungua.

Bwana Luvai alikuwa mlangoni, mikono kifuani. "Sasa?"

Niliona kosa mara moja. Birika lake la umeme lilikuwa limechomekwa kwenye ekstensheni ileile, linachemsha na kuinyonya betri. Nikalionyesha kwa kidole. Mama Rispa akasema kwa niaba yangu:

"Meneja, chai yako ndiyo imezima studio."

Akalitazama birika. Akalichomoa mwenyewe, akaondoka nalo kwapani. Sijawahi kuona meneja akitembea na birika kwapani.

Jaribio la pili limeenda vizuri. Lakini sasa betri imeisha na inajaa polepole. Sijui kama itatosha kesho.

Jumamosi, 16 Agosti

Kwaya ilifika mapema, sketi za bluu. Nilivaa hedifoni yenye maiki ili nisikie maagizo ya Dada na kuyapeleka kwa waimbaji. Dada akataka mwimbaji wa mwisho kushoto arudi nyuma kidogo. Nikasema. Hakuna aliyesogea, kwa sababu hakuna aliyesikia. Mama Rispa, kutoka mlangoni: "Mtoto anasema urudi nyuma." Akarudi.

Saa kumi kamili tukaanza. Nyimbo mbili safi. Swichi zikipanda na kushuka zenyewe, na waimbaji wa mbele wakiziangalia kwa jicho la pembeni.

Wimbo wa tatu, radi. Mama Rispa akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akachomoa ile plagi moja, akazima na taa za ukumbi. Kwaya haikukatika. Wakaimba kwenye kiza cha mvua, na swichi zikaendelea kutembea. Mvua ikapiga mabati kwa nguvu. Dada akaishusha maiki ya juu, akapandisha za mbele, na kelele ya mvua ikarudi nyuma ya sauti. Nilisikia akivuta pumzi kule Iguhu.

Kisha betri ikaanza kulia. Pi, pi, pi, inaomba stima, na maiki zote ziko wazi. Nikaganda. Mama Rispa akavua sweta yake, akaifunika betri, akaikalia. Akakaa hivyo mikono mapajani, kama mgeni wa heshima, mpaka wimbo wa mwisho. Taa ya betri ilibaki moja.

Tulimaliza. Radi ilikuwa imeshahamia kwingine.

Bwana Luvai akaniambia, "Mwambie dada yako, Jumamosi ijayo saa kumi." Akatoka kwenye korido na nikamsikia akimpigia fundi wa Kisumu, akimwambia asijisumbue.

Dada alilia kwenye hedifoni. Mtoto naye akaanza. Nikaivua kidogo.

Jumapili, 17 Agosti

Iguhu, baada ya ibada. Jua kali. Dada amelala, mtoto amelala juu yake. Nimefungua laptopu kuona kama mikseri imepata anwani yake ileile. Imepata.

Maiki ya katikati ilikuwa wazi, hatukuifunga jana. Nikavaa hedifoni ya Dada. Fagio, halafu Mama Rispa. Anaimba wimbo wa pili wa jana kwa sauti ya chini, polepole kuliko kwaya, akisimama kusogeza viti na kuendelea pale alipoachia. Anaimba vizuri. Hajui kuna mtu.

Nilishika swichi kuifunga. Lakini nilikuwa nimeshasikia ubeti mzima. Nikampigia.

"Mama Rispa, ni mimi. Maiki ya katikati iko wazi. Tunakusikia huku."

Fagio likasimama.

"Mpaka Iguhu?"

"Ndiyo. Naifunga sasa hivi."

"Nimeimba vibaya?"

"Hapana."

"Basi usifunge. Ngoja niweke fagio chini."

Dada alikuwa ameamka. Nikampa upande mmoja wa hedifoni. Akamsogeza mtoto, akanyoosha mkono, akaipandisha swichi kidogo, akaongeza mwangwi kidogo, na Mama Rispa akaanza upya.