Nilimwaga Mahindi ya Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla sijachanganyikiwa kabisa, maana mahindi yangu yamebakiza wiki chache kukauka na sasa majani yamejaa madoa ya kijivu, mabua yanaanguka bila hata upepo, nikimenya hindi nakuta kiwavi amejilalia humo na ukungu juu yake, mume wangu ni dereva wa lori yuko safarini, kwenye simu anasema, "Acha yakauke yote, usiguse," shemeji yangu anayeuza dawa za kilimo anasema nipulizie, mama mkwe anasema nivune, na kila ninayemsikiliza naona ana haki. Basi nikapulizia shamba lote kwa siri, asubuhi mama mkwe alipoenda kliniki, na chupa yenyewe aliyoniuzia shemeji karatasi yake ilishabanduka, hata sijui ile dawa ni ipi hasa. Kesho yake narudi kutoka kuteka maji nakuta mama mkwe amechuma mahindi mabichi kwenye mistari niliyochelewa kupanda, yanatokota, wanangu wamekaa na sahani, nikaona aibu kusema nilichofanya, nikajifanya nimejikwaa nikapiga sufuria teke, yote chini! Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, kama hutaki nile cha shambani kwako, ungesema tu." Tangu hapo hanisemeshi, anapika kwake, watoto wananiuliza bibi kanuna nini. Sijui nianzie wapi, shambani au kwake.

Mke wa Dereva

*

Marahaba, Mke wa Dereva.

Ulitaka kuwalinda watoto, na hilo nalielewa. Lakini maji yanachemka, watoto wako pembeni, wewe unapiga teke? Ungewaunguza! "Mama, nimepulizia dawa." Maneno matatu tu, yakakushinda.

Anzia kwake, leo hii. Mwambie ulipulizia, ukaona aibu, ukamwaga makusudi. Atafoka. Mwache afoke, kwa sababu kati ya wote waliokushauri, yeye ndiye aliyekaribia ukweli.

Kisha mrudishie shemeji chupa yake akutajie dawa ile na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Asipojua, muulize bwana shamba, na mpaka upate jibu asichume mtu hata hindi moja. Mwambie shemeji pia kwamba kiwavi akishaingia ndani ya hindi, dawa ya kupulizia juu haimfikii. Alikuuzia usumbufu.

Siku hizo zikipita, pita shambani ukibonyeza mabua chini, karibu na ardhi. Yakibonyea kama sifongo, usingoje yakauke yakiwa yamesimama, yataanguka na kuoza. Pukuchua punje chache: ukiona doa jeusi kwenye kitako cha punje, imekomaa. Vuna, ukaushie juu ya turubai, si kwenye udongo. Yenye ukungu yatenge uyafukie. Usiyaoshe ukayasaga, usiwape kuku, maana sumu ya ukungu ule haitoki kwa maji wala kwa moto. Na mabua yenye ugonjwa yafukie pia. Msimu ujao panda maharage hapo.

Mumeo akipiga simu, usimwombe ruhusa. Yeye haoni shamba, wewe unaliona. Mwambie, "Tunavuna, mimi na mama."