Nilitengeneza Padi, Nikaharibu Jumapili

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla hujacheka naomba unisome hadi mwisho, kwa sababu dada yangu nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza kama kweli nakosa usingizi kwa ajili ya mchezo wa watoto, na mimi nikakubali kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Mimi ni mshona mapazia na mume wangu ni fundi vigae, tunaishi vizuri, hanywi, halali nje, ila ana ugonjwa mmoja ambao niliukuta na nikaonywa kwamba hautibiki, nao ni mashine ya gemu ya zamani, ile ya kuchomeka kaseti kwa juu, ilikuwa nyeupe sasa imekuwa rangi ya jino la mvuta sigara, na haitaki hizi runinga nyembamba, inataka ile ya kichogo, ambayo imekaa sebuleni kwangu kama mgeni aliyekataa kuaga. Kaseti anazo kibao lakini anayocheza ni moja tu, ya mpira, wachezaji wake ni vimiraba vitupu, hata pua hawana, na mume wangu anampenda kipa wa gemu hilo kiasi kwamba amemjenga ukutani kwa mabaki ya vigae vya bafu za watu, kigae kimoja mraba mmoja, jezi ya kijani, glavu nyeupe, mrefu kunishinda mimi, na kila mgeni anayeingia mara ya kwanza anashusha sauti na kuuliza kama huyu ndiye marehemu baba mkwe.

Hayo yote nilishayazoea, na sikuandikii kwa sababu ya kipa.

Mgonjwa mwenzake ni kaka yake mkubwa, yaani shemeji yangu, ambaye ni mwokaji mikate, na tangu mkewe aondoke anaishi peke yake na nadhani kwetu ndiko anakokula akiwa ameketi. Kila Jumapili akitoka zamu anakuja na unga kwenye nyusi, anavua viatu mlangoni, anaichukua kaseti na kuipuliza, hiyo ni kazi yake kwa sababu mume wangu akipuliza anatia mate, halafu wanakaa sakafuni na hawanyanyuki mpaka jioni, na jambo lililokuwa linanishangaza ni kwamba nje ya gemu hawa watu hawaongei, ni shikamoo na marahaba basi, lakini mpira ukianza tu utawasikia.

"Mama mguu umemvimba tena. Chukua hiyo!"

"Nimeona, nimempelekea dawa, na goli lako nimelikataa."

"Unakataa goli kama unavyokataa kuoa tena."

"Cheza mpira, dogo, umbea wapelekee wenye nao."

Sasa padi, yaani kile kidude cha kushika mkononi chenye vitufe, wanazo mbili, moja nzima na moja mbovu, na ile mbovu kitufe chake cha mbio kilikufa zamani, hivyo anayeishika wachezaji wake wanatembea uwanja mzima kama watu wanaotoka kuzika. Shemeji ndiye aliyekuwa anaichukua, kila Jumapili, bila kuambiwa, na kila Jumapili anafungwa, si sana, tatu mbili, mbili moja, analalamika, anadai marudiano, na mume wangu anajinyoosha na kumwambia, "Kaka, mchezaji huzaliwa, hatengenezwi," na wiki nzima anachanganya saruji huku anapiga mluzi.

Mshauri, mimi kwa kazi yangu siwezi kuona pindo limepinda nikaliacha, nikajiambia hii ni aibu, mtu mzima anakuja mgeni kwetu na tunampa kitu kibovu kama kumkalisha kwenye kiti cha miguu mitatu, basi nikaipeleka ile padi kwa fundi simu mtaani, akaifungua, akaniambia kuna kimpira cheusi chini ya kitufe kimeoza, akaweka kingine, kile cha zamani akanipa nikakitia kwenye kopo langu la vifungo, sijui kwa nini, sitaki kutupa vitu vidogo. Nikairudisha mahali pake na sikusema neno, nikitaka wafurahi wenyewe.

Jumapili ikafika. Shemeji akabonyeza kile kitufe kwa mazoea tu, kama mtu anavyopapasa mfuko anaoujua umetoboka, na mchezaji wake akakimbia. Nilikuwa mlangoni na sahani, nikamwona ametazama padi, akatazama runinga, halafu nadhani utamu ulimzidi, maana alifunga, akafunga tena, akawa kama gari lililokatika breki mteremkoni, na mimi kwa ujinga wangu nikapiga makofi. Mume wangu akashusha padi yake mapajani. Shemeji alipomtazama usoni, wachezaji wake wote wakaanza tena kutembea.

"Kaka, bonyeza."

"Nabonyeza."

"Hubonyezi. Kidole gumba chako hicho hapo nakiona, umekiinua."

"Kimechoka. Nimekanda unga usiku kucha."

"Kaka. Umekuwa ukiniachia tangu lini?"

Shemeji akaiweka padi chini taratibu kama anayelaza mtoto, akaniambia, "Chakula kitamu, shemeji, ila nimeshiba," wakati sahani hata hajaigusa, akavaa viatu, cha kulia kushoto, akaondoka navyo hivyo hivyo.

Hajarudi tena, mshauri. Nasikia siku hizi anaomba zamu hata za Jumapili. Mume wangu alijaribu kucheza peke yake, kaseti ikagoma, akapuliza mpaka akaona kizunguzungu, runinga ikaonyesha michirizi tu, akaitia mashine kwenye boksi la vigae na kulifunga kwa gundi ya karatasi. Kisha juzi kaja na futi kamba, kampima yule kipa wa ukutani, kaniagiza nimshonee pazia.

"Pazia la nini, na hapo hakuna dirisha?"

"Wewe shona tu. Zito. Lisipitishe mwanga."

"Mwanga gani, baba, ule si ukuta?"

"Mke wangu, kazi yako ni mapazia au ni maswali?"

Nikampigia mama mkwe nikidhani atanifungua macho, ndiyo kwanza akanizidishia giza. Akaniuliza, "Padi gani, ile iliyopigwa ukutani?" Nikasema ukuta gani, mama? Akasema, "Mumeo alikuwa mdogo, kafungwa mpira, kaikamata ile padi kairusha ukutani, halafu kaingia uvunguni. Mkubwa akamwambia baba yao kuwa imemponyoka yeye, akanyimwa gemu likizo nzima. Tangu hapo hiyo padi ni yake. Mdogo hakumbuki, huyo hata alichokula jana hakumbuki."

Sasa sielewi, mshauri, sielewi hata pa kuanzia kutoelewa, mimi nilitengeneza kitu kibovu, wote duniani hushukuru wakitengenezewa, hapa aliyeshinda ameondoka kwa aibu, aliyefungwa anamfunika kipa wake kama maiti, hakuna aliyenigombeza na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, na shemeji anakula mkate wa kazini akiwa amesimama. Nimweleze mume wangu aliyoniambia mama? Niirudishe padi kwa fundi aiharibu tena? Nilikaribia kufanya hivyo nikaona haya, nitamwambiaje fundi? Na lile pazia nimeshakata kitambaa, nishone au nisishone?

Mshona mapazia

*

Mshona mapazia,

Nimekusoma hadi mwisho kama ulivyoomba. Nilicheka mpaka kwenye viatu, hapo nikaacha.

Pole. Na sasa nikugombeze, maana umesema wenyewe hawajakugombeza na naona unahitaji. Uliona kitu kibovu katika nyumba ambayo kila kitu kingine cha aina hiyo kimetunzwa kuliko bibi harusi. Mume wako anaivumilia runinga ya kichogo, anaijua kaseti kwa pumzi, amepanga kipa mzima kwa mabaki ya vigae, halafu wewe ukadhani padi hiyo imeachwa mbovu kwa uvivu? Mtu wa namna hiyo angeweza kuitengeneza zamani. Na kaka yake pia. Hukujiuliza, na hukuuliza. Kimpira cheusi kilikuwa kimeoza, ndiyo, lakini hakikuwa kimeharibika. Kilikuwa kazini.

Sasa nisikilize, kwa sababu wewe na mumeo mmekosea hesabu mahali pamoja. Mumeo anadhani ushindi wake wote ulikuwa sadaka. Wewe nawe umeanza kuamini hivyo, nakuona. Lakini soma barua yako mwenyewe. Tatu mbili. Mbili moja. Analalamika, anadai marudiano. Huyo ni mtu anayeachia? Shemeji yako hakuachia hata goli moja. Alichukua padi mbovu, hilo ni kweli, lakini akishaichukua alipigana nayo kwa nguvu zake zote, na wachezaji wake wanaotoka kuzika. Mumeo alimshinda mtu aliyekuwa akicheza kweli. Siku ya kwanza kaka mtu kumwachia mdogo wake ni siku ile aliyoinua kidole gumba, na siku hiyo ililetwa na mkono wako mwema. Hicho kidole ndicho kilichomuuma mumeo. Na ndicho kilichomfukuza shemeji, kwa sababu alikamatwa akifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Habari ya uvunguni usimwambie mumeo. Si siri mbaya, ila kwa sasa utakuwa unamrundikia sadaka juu ya sadaka, na mtu aliyeinama humwongezei mzigo ili anyooke. Mama mkwe yupo, mdomo anao, siku yake ya kusimulia itafika na watacheka. Wewe ni mke, acha kuwa gazeti.

Padi irudishe kwa fundi. Unaona haya ya nini? Wewe mwenyewe wanakuletea mapazia yaliyonyooka wakitaka uyakunje, na huwaulizi akili zao ziko wapi. Lifungue kopo lako la vifungo, mpe kile kimpira, mwambie arudishe kilichokuwepo. Akicheka, mwache acheke.

Lakini safari hii si kwa kificho. Kificho ndicho kilichokufikisha hapa. Mwambie mumeo wazi: nilitengeneza mimi, nimeharibu mimi, samahani. Kisha mwambie yale ya tatu mbili, kwa maneno yako, mara moja tu, uondoke. Usimsubiri akujibu. Wanaume wa namna hii hujibu baadaye, wakiwa wanaosha mikono.

Shemeji usimtumie ujumbe wa suluhu wala usimtume mjumbe. Hatakuja. Mpigie mwambie kaseti imegoma, mdogo wake amepuliza mpaka amesikia kizunguzungu, na kilichoingia humo ni mate. Hilo si uongo, umeniandikia mwenyewe. Hakuna mwokaji atakayevumilia kaseti iliyojaa mate.

Akifika, azikute padi zote mbili zimewekwa sakafuni, nzima na mbovu, na wewe usimpe mtu yeyote. Waache wachague. Nikikisia, mumeo atawahi ile mbovu. Ikiwa hivyo, usistaajabu wala usipige makofi, nakuomba sana usipige makofi, maana hapo ndipo mdogo mtu atakuwa amesema kila alichoshindwa kusema wiki zote hizi. Atafungwa. Atafungwa vibaya, hajui kucheza kwa kutembea. Atajifunza, ana kaka wa kumfundisha. Na wakianza kuigombania, nani ashike mbovu, waambie aliyeshinda ndiye aichukue mchezo unaofuata, kisha funga mdomo.

Pazia usishone. Kitambaa hicho kizito mshonee shemeji yako mto wa kukalia, mtu huyu anakaa kwenye vigae baridi kila Jumapili na hakuna aliyefikiria makalio yake, hata wewe unayependa kutengeneza.

Baada ya hapo nenda jikoni, na mlango uache wazi kidogo. Ukisikia kimya, endelea kupika. Ukisikia wanatukanana, pakua.