Gari Langu Halina Sauti, na Sasa Najua Siri ya Mama Mkwe

Shangazi Lenore mpendwa, naomba msaada wako upesi kabla sijapasuka, kwa sababu nimeona jambo ambalo sikutakiwa kuliona, na hapa milimani kwetu siwezi kumwambia mtu yeyote maana ukinong'ona kanisani asubuhi, mchana wameshakusikia mpaka kiwanda cha jibini.

Mimi ni mpeleka barua wa vijijini, na unajua sisi tunatumia magari yetu wenyewe, usukani kwetu uko kushoto lakini tunakaa kiti cha abiria upande wa kulia ili mkono ufike kwenye masanduku ya kando ya barabara, mguu wa kushoto tunaunyoosha mpaka kwenye pedeli, na ukishuka mchana unatembea kama bata. Gari langu la zamani lilikuwa na kelele za ajabu, watu walilisikia likiwa bado bonde la pili wakatoka kunisubiri na kahawa mkononi. Lilipokufa nikanunua haibridi iliyotumika, hizi za petroli na betri, kwa sababu kazi yetu ni kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, na gari la namna hii ndiyo raha yake, kila ukikanyaga breki linajichaji. Shida yake ni kwamba likienda polepole halitoi hata mlio. Mbwa hawalisikii, na mama mkwe wangu naye hakulisikia.

Mama mkwe wangu, nimwite Ottilie kwa kuwa majina yote humu nimeyabadilisha, ana miaka themanini na moja, ni mjane, na nyumba yake ndiyo ya mwisho kwenye njia yangu. Majira ya baridi yaliyopita aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga, akatibiwa akapona mfupa, lakini akasema miguu imekataa, na mtu wa mazoezi ya viungo aliyetumwa na hospitali, Mama akamfukuza eti mikono yake ni ya baridi. Basi tukaweka kitanda sebuleni, mume wangu Norbert ambaye ni mwanaye wa pekee akajenga njia ya kiti cha magurudumu, na binti yetu Greta, aliyekuwa amepata nafasi chuoni, mjini Milwaukee, kusomea udaktari wa mifugo, akasema, "Bibi kwanza, chuo hakikimbii," akabaki. Kila siku asubuhi na jioni anakwenda kwake, anampikia, anamwogesha, anamgeuza. Chuo kimekubali kumshikia nafasi yake mpaka mwisho wa mwezi huu tu, baada ya hapo wanampa mwingine.

Sasa sikia. Siku hiyo Mama Ottilie alikuwa na kifurushi kisichoingia kwenye sanduku, na kwetu kifurushi cha namna hiyo unakipeleka mpaka mlangoni, nikapanda kile kijia chake kirefu taratibu, gari limenyamaza, nikakunja kona ya ghala, na Shangazi, nilimwona mama mkwe wangu juu ya ngazi. Juu ya ngazi! Amevaa buti za marehemu baba mkwe, anazoa majani kwenye mfereji wa paa, anapiga mluzi wa ngoma ya polka, na anavyoyatupa yale majani chini utadhani ana ugomvi nayo. Nilipiga kelele bila kujijua.

"Mama!"

"Mungu wangu! Mwanamke wewe unataka kuniua? Gari lako liko wapi?"

"Ndilo hili, Mama."

"Mbona halilii? Unamnyatia mtu kwake kama mwizi?"

"Mwizi ni mimi, Mama? Wewe si uko juu ya paa?"

"Siko juu ya paa. Niko juu ya ngazi."

Akashuka, mguu mmoja baada ya mwingine, wala hakushika popote, mimi nimeganda na kifurushi mkononi. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu theluji ilipoyeyuka. Yaani majira yote ya joto, Shangazi, mwanangu anamwinua bibi yake kama gunia na bibi anajilegeza! Nikamwambia nitasema, leo leo nitasema, ndipo akanishika mkono, na huyu ni mwanamke ambaye sijawahi kumwona akilia hata siku tulipomzika mumewe, akalia. Akasema, "Mwanangu, kabla sijaanguka mlikuwa mnakuja Krismasi na Pasaka. Sasa mnakuja kila siku. Nikisimama mtaondoka." Halafu akajifuta pua akasema, "Haya, kama umeshaniona, nipe viatu vyangu." Kumbe kile kifurushi kilikuwa viatu.

Nikanyamaza, na si kunyamaza tu, naona aibu kuandika hili. Tangu siku hiyo, nikifika kwenye daraja chini ya kwake, napiga honi mara mbili. Napiga ili awahi kurudi kitandani, nisije nikamwona tena. Jirani yake Mzee Alvin ameniuliza, "Mbona siku hizi unapiga honi pale darajani, kuna ng'ombe anavuka?" nikamjibu, "Yupo mmoja, mkaidi kweli."

Juzi jioni nilipita kumchukua Greta nikamkuta amepiga magoti, anamsugua bibi yake miguu kwenye beseni la maji ya moto, anamwambia, "Bibi, leo miguu ina joto, labda inaamka." Na Mama Ottilie akaniangalia juu ya kichwa cha mwanangu, Shangazi, akanikonyeza! Nikatoka nje nikamsubiri Greta garini.

Nikisema, Norbert ana moyo laini, atalilia zizini mbele ya ng'ombe, na Mama hatanisamehe mpaka kaburini. Nisiposema, Greta atapoteza nafasi. Ni kweli tangu abaki nyumba yetu imechangamka, tunapika jemu ya tufaha pamoja, ananisuka nywele tukiangalia televisheni, lakini hayo siyo niliyokuandikia. Niambie, niseme au ninyamaze?

Mimi, Mpeleka Barua Asiyesikika

SHANGAZI LENORE ANAJIBU

Mpeleka barua, barua yako nimeimaliza nikiwa nimesimama. Nimeshika safu hii ya ushauri gazetini miaka mingi, nimeletewa wazinzi, walevi na mchungaji aliyeiba mashine ya kukata nyasi, lakini bibi wa miaka themanini na moja anayesafisha paa mchana na kuogeshwa jioni, huyo ni wa kwanza. Na hilo konyezo! Mpaka sasa nimekodoa macho.

Nakuonea huruma, kwa sababu hukwenda kuchungulia. Ulikuwa kazini. Hiyo pole ndiyo yote niliyo nayo kwako, sasa kaa vizuri nikuchape.

Mama mkwe wako amefanya ubaya, lakini ubaya wake una sababu ambayo mtoto mdogo angeielewa. Mguu ulipona, akatazama mlangoni, akakumbuka Krismasi na Pasaka. Mwanamke huyo hakuogopa kufa, mama, aliogopa kupona. Na hilo mlimfundisha ninyi, wewe na huyo Norbert wako mwenye moyo laini ambao haukuwa laini vya kutosha kumfikisha kwa mama yake siku ya kawaida. Jambo hili litawauma, na liwaume.

Lakini wewe sababu yako ni ipi? Umeniandikia habari za jemu na kusukwa nywele, halafu ukaniambia hayo siyo uliyoniandikia. Ndiyo hayo hasa! Unamlaumu mwenzio kwa kumfunga msichana nyumbani, na kamba mmeishika wote wawili, yeye mwisho mmoja na wewe mwingine. Kikulacho ki nguoni mwako. Usingekuwa na faida katika uongo huu, ungeshausema siku ile ile, kifurushi kikiwa bado mkononi.

Sasa fanya ninavyokuambia. Kesho maliza barua zako zote kwanza, maana barua za watu hazina kosa. Ukimaliza, rudi kwa Mama Ottilie, uingie ndani bila honi wala kubisha sana, mkae mezani wawili. Mwambie kwa upole, "Mama, Jumapili baada ya kanisa tunakula wote kwako, na wewe utatoka kitandani uje mezani kwa miguu yako, mbele ya Greta na Norbert, useme mwenyewe." Mpe heshima hiyo. Akikataa, utasema wewe kabla supu haijapoa. Atakununia? Akununie. Aliyeweza kupanda ngazi ataweza kushuka kwenye uongo.

Norbert akilia, mwache alie, na akimaliza mwambie aiondoe ile ngazi, kwa sababu nyonga iliyounganishwa ni nyonga iliyounganishwa, na mifereji ya paa ya mama yake ilikuwa kazi yake tangu mwanzo. Kisha mpangiane zamu za kwenda kwake, si kumwogesha, kula naye. Siku ya karata kanisani mkamchukue, nasikia mabibi wa huko wanadanganya vibaya mno kwenye karata, na huyo atawafaa. Mwambieni haya siku hiyo hiyo ya Jumapili, asikie kwa masikio yake kwamba mtu mzima wa afya naye hutembelewa.

Greta atakasirika, na ana haki yote. Usimtetee bibi yake wala usijitetee. Jumatatu asubuhi apige simu chuoni, na ukae chumba kingine asiuone uso wako akiongea.

Na siku atakapokuwa anapakia mizigo yake, mama, nakuomba, usije ukaumwa ghafla.