Mipekani Kumi na Miwili Chini ya Maji

Gati la Stroud, Alabama
9 Juni 1991

Baba Mkubwa Odell,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako linakubali kupanda ngazi za kanisa bila kelele. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana na anauliza kama baridi ya Michigan bado haijakumaliza.

Asante kwa shada ulilotuma Januari tulipomzika Baba. Hukuja, na sikuulizi kwa nini.

Nimechukua boti yake. Kiwanda cha kuku nimekiacha. Jioni napeleka watu ziwani kuvua samaki wa krapi, kama alivyofanya yeye: natia nanga, naning'iniza karabai ubavuni, wadudu wanafuata mwanga, vidagaa wanafuata wadudu, krapi wanafuata vidagaa. Hayo yote nayajua tangu nina miaka sita. Nisichokijua ni wapi pa kutia nanga. Mimi Baba alinipeleka kwenye nguzo za daraja tu, wanakokwenda wote. Mahali pake alikwenda peke yake, na hakumwambia mtu, kwa sababu unajua ilivyo: akishakuona mtu mahali, kesho yuko hapo kabla yako.

Wateja wangu wanarudi na masanduku ya barafu yaliyojaa barafu. Bwana Stroud, mwenye gati, aliniita juzi.

"Binti Rufus, watu hawalipi ili waonyeshwe nyota."

"Nipe mwezi wa saba wote."

"Nakupa mpaka Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Ukirudi mtupu usiku huo, nafasi yako anaichukua Dub Tarrant, anayeisubiri na boti yake."

Upande huu wa ziwa hakuna gati lingine. Nikikosa nafasi hiyo narudi kukata kuku.

Mama anasema Baba alikuwa akivua juu ya shamba lenu la zamani, lile lililofunikwa bwawa lilipojengwa. Aliyelima shamba lile na bado yu hai ni wewe peke yako. Niambie lilikaaje.

Mwanao,
Verlene


Flint, Michigan
17 Juni 1991

Mwanangu Verlene,

Marahaba. Mimi mzima, goti limenuna lakini linatembea. Mwambie mama yako baridi ilinishindwa zamani, sasa tunaheshimiana.

Umemuuliza mtu anayestahili kuulizwa. Nimekaa huku miaka thelathini na tisa, lakini nikifumba macho naweza kulitembea shamba lile bila kujikwaa. Fanya hivi. Peleka boti mpaka mnara wa kanisa la Nebo, kule kilimani, uonekane umekaa sawasawa ndani ya ufa wa Jabali la Bundi. Hapo uko juu ya barabara yetu. Ifuate kuelekea magharibi kiasi cha hatua mia mbili. Chini yako kuna bonde dogo, na ndani ya bonde kuna chemchemi. Mama yetu alipoza maziwa pale. Hata katikati ya Agosti maji yake yaliuma meno.

Samaki si mjinga, hawezi kukaa kwenye joto wakati nyumba ya baridi iko jirani. Mshushie chambo mpaka chini kabisa, kisha andaa unga wa mahindi na mafuta.

Na huyo Stroud mwambie nilimfahamu baba yake. Alikuwa hawezi kufunga hata kamba za viatu vyake, na leo mwanawe anatufundisha kufunga boti!

Ni mimi baba yako mkubwa,
Odell


Gati la Stroud
30 Juni 1991

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, jina langu ndilo mgonjwa.

Ijumaa nilimpeleka daktari wa meno wa Huntsville na mkewe. Mnara niliuweka ndani ya ufa, barabara nikaifuata, na bonde nikalipata pale pale uliposema. Kumbukumbu yako haina kosa. Kina chake ni futi thelathini na nne. Tukashusha vidagaa hai mpaka chini. Baada ya nusu saa yule mama akavuta kamba yake, akakitazama chambo chini ya taa.

"Dada, hiki ulikinunua kikiwa hai?"

"Kilikuwa hai ulipokishusha, mama."

"Basi kimekutana na nini huko?"

Vyote vilipanda vimekufa. Baba Mkubwa, ungekaa nasi ungelijua hili, kila mtoto wa hapa analijua. Kiangazi maji ya chini ya ziwa hayana hewa. Kuanzia futi ishirini kwenda chini hakiishi kitu. Na krapi ana macho juu ya kichwa, anakula kinachopita juu yake, hainami. Nilijua, nikafuata maneno yako kwa sababu yaliandikwa kwa uhakika mno.

Gatini Stroud alikuwa amekaa kwenye kiti chake.

"Umeleta nini?"

"Hewa."

"Safi. Hewa haihitaji barafu."

Wewe unaikumbuka ardhi, mimi ninaishi na maji. Ulinipeleka bondeni kumbe ninachotaka ni mwinuko. Ni wapi pa shamba lenu palipokuwa juu? Mahali penye mti au kisiki, chochote cha samaki kujificha, ambapo leo pana futi kumi na tano hivi.

Mwanao,
Verlene


Gati la Stroud
16 Julai 1991

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini kimya hiki ni cha posta na si cha ugonjwa. Kama nilikukosea adabu, nisamehe. Niliyosema kuhusu maji siyafuti, maana ni kweli.

Zimebaki siku kumi na nane.

Mwanao,
Verlene


Flint
22 Julai 1991

Mwanangu Verlene,

Marahaba. Si ugonjwa, na posta haina kosa. Barua yako ilifika mapema. Imekaa juu ya friji, na kila asubuhi nimekunywa kahawa nikiitazama.

Hukunikosea adabu. Ulinishika uongo, basi. Mahali palipokuwa juu nilipajua tangu barua yako ya kwanza. Nilikuelekeza kwenye chemchemi kwa sababu chemchemi haina habari mbaya.

Kulikuwa na mgongo wa ardhi nyuma ya nyumba, na juu yake mama yetu alipanda mipekani kumi na miwili kwa mstari mmoja, ambayo kokwa zake tulikula kila mwaka. Watu wa serikali walipokuja kupaka rangi nyeupe kuonyesha maji yatafika wapi, walitoa amri: kila mti ulio chini ya alama ukatwe. Baba yako alikuwa na miaka ishirini na mbili. Aliniomba tuisubirishe mipekani mpaka wiki ya mwisho ili tuokote pekani mara moja tena. Nikamwambia sawa.

Siku moja ya Septemba alikwenda mjini na mkokoteni. Nikachukua shoka. Sikutaka mtu mwenye karatasi aje kunikatia miti ya mama yangu, nikaikata mwenyewe, yote, kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Pekani zilikuwa bado za kijani. Rufus aliporudi alisimama mwanzo wa mstari, akaniuliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Wiki iliyofuata nilipanda treni, na tangu hapo tulitumiana kadi za Krismasi tu.

Visiki nilivikata juu, usawa wa kifua, maana nilikata kwa hasira. Navyo viko pale, nina hakika. Shika tena ule mstari wa mnara na ufa, lakini safari hii kwenda mashariki. Simama mahali nguzo ya tatu ya daraja, zilizosimamishwa kabla sijaondoka, inapofunikwa na nguzo ya kwanza. Mstari wa miti unaanza hapo, unakwenda kusini, hatua kumi na mbili kati ya mti na mti.

Baba yako mkubwa,
Odell


Gati la Stroud
5 Agosti 1991

Baba Mkubwa,

Shikamoo! Hatujambo kabisa, na leo hata jina langu limepona.

Barua yako ilipofika nilikwenda peke yangu, bila taa, na kamba yenye kipande cha risasi ya kupimia kina. Kisiki cha kwanza nilikipata kwa mara ya nne, cha pili kwa mara ya kwanza. Vyote kumi na viwili vipo, na kina ni futi kumi na nne mpaka kumi na sita.

Kuna jambo hukulijua. Ndoano yangu ilinasa, nikavuta, likapanda tawi la mwerezi lililofungwa kwa waya. Waya ule naujua. Umesokotwa mara tatu kwa mkono wa kushoto, kama ulivyo kwenye uzio wetu wote. Baba alikuwa akikata mierezi, anaifunga kwenye visiki vyako ili samaki wapate kivuli. Nimevigusa vyote, na kila kimoja kina mwerezi wake, mingine imeoza imebaki mifupa. Ule ulionasa ulikuwa bado na majani. Aliuzamisha Desemba, Baba Mkubwa, mwezi mmoja kabla hajafa. Aliyekukasirikia asingefanya kazi hiyo kila mwaka.

Jumamosi niliwapeleka watu wanne. Saa nne usiku wadudu walikuwa wamejaa kwenye boti kama theluji, na krapi wakaanza. Nikawaambia wavute taratibu, mdomo wake ni laini kama karatasi. Mmoja akavuta kwa pupa, akabaki na ndoano tupu, wenzake wakamcheka mpaka boti ikayumba. Tulirudi na samaki sabini na watatu. Stroud aliwahesabu mwenyewe, mara mbili.

"Binti Rufus, hawa umewanunua wapi?"

"Nimewarithi."

"Nafasi yako ibaki pale pale," akasema, kisha akamgeukia Dub aliyekuwa gatini akitazama. "Dub, acha kukunja uso, mbu watadhani umewaita."

Sasa sikia kosa langu. Niliwasha karabai juu kabisa, Jumamosi, wakati boti zote ziko majini. Baba asingefanya hivyo. Jana jioni nilipofika nilikuta taa tatu zimekwisha kuwashwa juu ya visiki vyetu.

"Habari ya jioni, Verlene!" Dub akaita. "Maji ni ya serikali, eti?"

"Ni ya serikali. Na mbu pia, wakaribishe."

Nikageuza boti, nikalala mapema. Asubuhi Stroud akaniuliza, "Hapo pamekwisha kujulikana. Una pengine?"

"Nina ekari arobaini," nikamwambia.

Sikudanganya kuhusu ekari, ni za shamba lenu. Ila sijui zilikaaje, na barua inachukua wiki nzima wakati Dub anahitaji usiku mmoja. Nataka uje ukae kwenye boti unionyeshe kwa kidole. Chumba cha Baba kiko tayari. Mama amekwisha kufua mapazia, kwa hiyo ukikataa utamjibu yeye.

Mwanao,
Verlene


Flint
12 Agosti 1991

Mwanangu Verlene,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Kuhusu ile mierezi nitakwenda kusema mwenyewe kaburini, na nitakuomba uniache hapo kidogo.

Kuna kinu cha kukamulia mtama mtamu ambacho msingi wake ni wa mawe, juu ya kilima kidogo ambacho hata Rufus alikisahau, maana alikuwa mtoto kilipovunjwa. Kuna banda la nyumbu. Kuna kona ya barabara ambako babu yako alirundika mawe yote aliyoyatoa shambani kwa miaka ishirini. Yote hayo yako juu, na safari hii nimeyalinganisha kichwani na zile alama nyeupe za watu wa serikali. Sikuongozi bondeni tena.

Basi litanishusha mjini Alhamisi tarehe 22, saa kumi jioni. Nina sanduku moja na goti moja bovu. Kiti cha mbele ni changu, usimpe mteja yeyote hata akilia. Usijibu barua hii, jibu halitanikuta.

Usiku huo huo tutoke. Lakini taa usiiwashe mpaka nikuambie.

Baba yako mkubwa,
Odell