Kadi Mbili za Mtu Mmoja

Mpanda, 11 Februari 2024

Mwanangu Ezra,

Leo ni miaka thelathini na mitano tangu nile kiapo mbele ya wazee kwamba sitakanyaga tena Nyarero, ili koo mbili ziache kuuana. Ulikuwa na miaka miwili. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananung'unika. Hali yako? Juzi kwenye simu nilisikia kikohozi chako kabla ya salamu. Sikuuliza, maana simu yenu hupokelewa na kila mtu. Ndiyo sababu natuma barua kwa basi. Kapime makohozi. Mwenye virusi vya UKIMWI hangoji kikohozi kiishe chenyewe. Je, dawa bado unazifuata kule kliniki ya Morotonga kwa jina la babu yako Rubeni, kama nilivyokushauri?

Baba yako, Nikolaus

Nyarero, 20 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Mke wangu Gift anakusalimu, watoto wazima. Nilipima, wakasema makohozi hayana kitu. Baba mdogo Heche akacheka: "Si nilikwambia ni vumbi la machimbo? Kunywa maziwa!" Nikanywa wiki tatu, kisha nikatema damu. Nesi Honoratha, yule mgeni wa Njombe, akayapeleka makohozi kwenye mashine nyingine, TB ikaonekana. Nimeanza vidonge vya miezi sita. Alitaka kunipima na damu pia. Nikasema nilishapima, sina virusi. Ningesemaje, baba? Mke wa Heche ndiye anayefagia pale zahanati yetu. Kwa hiyo za virusi nachukua kama Rubeni, za TB kama Ezra.

Mwanao

Mpanda, 2 Aprili 2024

Mwanangu,

Salamu zingoje. Nimeuliza zahanati ya hapa, nikijifanya ni habari ya jirani. Mganga kanieleza: dawa ya TB huifukuza ile ya virusi mwilini kabla haijamaliza kazi. Kidonge chako cha asubuhi kinapaswa kurudiwa jioni. Hakuna aliyekwambia, kwa sababu kwao Rubeni hana TB na Ezra hana virusi. Ushauri ule wa jina ulikuwa wangu. Niliogopa midomo ya watu kuliko ugonjwa. Ziweke kadi zote mbili mbele ya nesi. Leo.

Baba yako

Nyarero, 9 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Barua yako ilikaa kwa wakala wa basi hadi Juni. Naandika nimelala ubavu. Kadi nilizipeleka. Nesi akazitazama, akasema, "Haya, Rubeni na Ezra, karibuni wote wawili." Hakunigombeza. Ameniongezea kidonge cha jioni. Lakini virusi vimepanda sana, na damu imepelekwa mbali kuangalia kama dawa bado inaviweza. Majibu bado.

Baba mdogo anasema ni kiapo chako kinanila. "Mwambie huyo kaka yangu mwalimu aje tuchinje mbuzi, tukifungue! Na siku nane za tambiko, hakuna kidonge kuingia mdomoni." Nimemkatalia. Lakini wewe njoo, baba. Nikuone tu.

Mwanao

Mpanda, 21 Julai 2024

Mwanangu Ezra,

Sijui nikuulize hali ipi. Jumatatu nilikwenda stendi na begi, nikakaa kiti cha dirishani. Dereva alipowasha gari, nikashuka.

Siogopi kiapo. Naogopa mbuzi wa Heche. Yeye unaweza kumkatalia. Lakini nikisimama mimi mlangoni, na wazee nyuma yangu, na kisu kimeshanolewa, hutaweza kukataa, na mimi sijui kama nitaweza. Siku nane za kukaa bila dawa huna.

Meza cha asubuhi saa moja. Meza cha jioni saa moja. Saa hizo nitakuwa nimekaa na kikombe cha maji mkononi, nikinywa nawe. Zaidi ya hapo sina.

Mimi sitarudi.

Baba yako