Mama Anataka Nimsemee Mbele ya Wanunuzi

Kwako mshauri wetu,

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, na kila Jumamosi huwa namsomea mama ukurasa wako kwa sauti wakati anakata sabuni, kwa hiyo ukinijibu gazetini sijui hata nitalisomaje jibu lako mbele yake, lakini naomba unisaidie hivyo hivyo kwa sababu nimefikiri peke yangu nimeshindwa.

Mama yangu anatengeneza sabuni za kuogea hapa nyumbani. Anachanganya mafuta na magadi kwenye sufuria kubwa, anamimina kwenye kalibu za mbao, na zikishikana anazikata kwa waya mwembamba wenye vishikio viwili, halafu zinapangwa kwenye rafu zikauke kwa wiki kadhaa, na rafu zenyewe ziko chumbani kwangu, ndiyo maana hata madaftari yangu yananukia mchaichai na darasani wananiita Kipande.

Mwaka huu ofisi ya biashara ya serikali ilianzisha semina za bure kwa wazalishaji wadogo wanaotaka kuuza nje ya nchi. Mama alijiandikisha, akanichukua na mimi kwa kuwa ilikuwa likizo. Tulifundishwa mambo mengi mazuri, jinsi ya kufungasha, jinsi ya kuandika lebo, na kwa nini kila kipande lazima kiwe na uzito sawa na mwenzake. Siku ya mwisho afisa aliyekuwa akitufundisha, mama mmoja mpole mwenye miwani, alisema kila mtu asimame wima, mikono pembeni, aieleze bidhaa yake kana kwamba wanunuzi wamekaa mbele yake.

Zamu ya mama ilipofika alisimama, akasema, "Hii ni sabuni." Kisha akanigeukia. Mshauri, ukumbi ulinyamaza mpaka nikaisikia feni inavyozunguka, na mimi sikuweza kuvumilia kumwona vile, nikainuka nikasema yote, mafuta gani, inakauka vipi, inanukia nini, na nilipomaliza watu wakapiga makofi. Muuza asali aliyekaa nyuma yetu akamwambia mama, "Dada, wewe hukuzaa mtoto, umezaa redio!" Mama alicheka mpaka akafuta machozi, na tangu siku hiyo ananiita Wakili.

Ila baada ya makofi afisa aliuliza, "Na mtoto mchanga je, anaweza kuogeshwa na sabuni hii?" Nikajibu, "Bila wasiwasi wowote!" Nikahisi mama ananivuta gauni kwa nyuma. Tulipofika nyumbani ndipo akaniambia, "Wakili, hiyo simpi mtu mwenye mtoto mchanga. Mchaichai unaweza kumwasha." Nikamuuliza mbona hukusema palepale? Akanijibu, "Ulikuwa unapendeza sana, nikaona nisikukatize."

Sasa mama amechaguliwa. Serikali imeandaa siku ya kukutana na wanunuzi kutoka nje, imempa meza bure na usafiri, lakini siku hiyo hiyo mimi nina mtihani wa hisabati wa kumaliza muhula. Mama anasema atakwenda kumwomba mwalimu mkuu aniruhusu. Nikimwambia aende mwenyewe anasema, "Nikafanye nini? Nikasimame pale kama nguzo ya taa?" na kwamba kama mimi siendi, bora meza apewe muuza asali, ambaye hakuchaguliwa. Ofisi inataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Nimejaribu kumfanyisha mazoezi. Nakaa kwenye kiti najifanya mnunuzi, nakunja uso, naye anasema, "Mnunuzi gani huyu ana wino kidevuni?" Hatilii maanani kabisa. Hataki hata kuuweka waya chini, anaendelea kukata huku ananieleza kwamba mafuta yakizidi moto sabuni inapasuka katikati, kwamba wakati wa mvua vipande vinatoa jasho na inabidi avigeuze taratibu kama mtoto aliyelalia mkono wake, anaongea mpaka nasahau kwamba mimi ndiye mnunuzi. Lakini nikimwambia haya mama, sasa weka waya, simama kama tulivyofundishwa, anakauka. "Hii ni sabuni." Tunarudi mwanzo.

Natamani sana mama yangu aonekane. Natamani watu wa mbali wakioga wajue kuna mtu aliyeikata ile sabuni kwa mkono wake. Lakini kuna jambo naona aibu kuliandika. Waliponipigia makofi nilifurahi mno, na sasa sijui kama nataka kwenda kwa sababu nampenda mama au kwa sababu nimependa makofi. Nikienda, naogopa hatasema tena mbele za watu maisha yake yote. Nisipoenda, atapoteza meza kwa ajili ya hisabati zangu. Nifanye nini?

Ni mimi msomaji wako,
Kipande

*

Marahaba, Kipande.

Hiyo aibu iweke kando kwanza. Kupenda makofi si kosa, mimi mwenyewe ningepigiwa ningetaka niitwe tena. Ulipoinuka pale ukumbini hukujua kama yatapigwa. Uliinuka kwa sababu mama yako alikuwa amekwama na roho ilikuuma. Basi, hilo limekwisha.

Sasa acha nikuseme kidogo. Feni imezunguka tu, wewe umeshasimama! Hukumwachia mwenzio hata nafasi ya kumeza mate. Na lile jibu la mtoto mchanga, mwanangu, usilirudie tena mahali popote. Siku mtoto wa mtu akiwashwa, hawatakutafuta wewe, watamtafuta mwenye sabuni. Aliyekuwa na jibu alikuwa nyuma yako, ameshika gauni. Wakili mzuri hugeuka akamsikiliza mteja wake.

Halafu barua yako nimeirudia, maana dawa umeiandika mwenyewe ukaipita. Unalalamika mama hataki kuuweka waya chini. Kwa nini auweke? Umenieleza kwamba akikata anaongea mpaka unasahau kwamba wewe ndiye mnunuzi, na mikono ikikaa bure ulimi nao unalala. Huyo si mtu asiyejua kusema. Kusimama wima, mikono pembeni, ni mafunzo mazuri, yatawafaa wengi, ila mama yako hakuumbiwa hayo.

Kwa hiyo nendeni wote wawili kwa yule afisa mwenye miwani kabla mwezi haujaisha. Mama aikubali meza yake kwa mdomo wake, wewe ukae kimya pembeni. Kisha aulize kama anaweza kuja na kalibu moja ya sabuni iliyoshikana, pamoja na waya wake, akate palepale mezani, na vipande vilivyokwisha kukauka vikae kando na lebo zake. Haitoi moshi, haimwagiki, sioni sababu ya kukataliwa. Aulize pia habari ya mkalimani, asije akafika siku hiyo ndipo aanze kumtafuta. Na kama anaogopa kwenda peke yake, aombe ruhusa asindikizwe na muuza asali. Mwenye utani kama ule atawavuta watu mpaka mezani. Wakishafika, mama anashika waya.

Wewe nenda kafanye hisabati. Mama yako anavumilia moto wa sufuria ili ukae darasani, usimrudishie kwa kulikimbia darasa. Mazoezi ya nyumbani yaendelee kwa sharti moja, kwamba mnunuzi akishauliza swali anafunga mdomo, hata kama feni inasikika. Na siku yenyewe ukirudi nyumbani, utamkuta na habari tele. Mwache azisimulie mwanzo hadi mwisho, usimmalizie hata sentensi moja.

Najua leo ni Jumamosi na yuko hapo mbele yako anakata. Dada, salamu zangu. Kweli umezaa redio, lakini hawa wageni wanataka kumsikia aliyeitengeneza sabuni. Meza ile ina jina lako.

Kipande, ukifika hapa kunja gazeti, unyamaze. Mngoje yeye aseme.